Bandari ya Bujumbura: jumlisha gharama zako kabla ya kulipa

Bandari ya Bujumbura hupokea mizigo inayopita Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma nchini Tanzania, Mpulungu nchini Zambia na Kalemie nchini Kongo. Ukipokea bidhaa zako hapo, huenda ukalipa watu kadhaa kwa siku moja. Bei za faranga zina sifuri nyingi, na kosa moja la kujumlisha linaweza kumeza faida yote ya safari. Fuata hatua hizi.

1. Jumlisha vitu vya aina moja

Shilingi na faranga hazijumlishwi pamoja, wala magunia na kilo. Kama ulinunua mzigo Kigoma kwa shilingi, kwanza geuza gharama hiyo iwe faranga kwa kiwango cha siku hiyo.

2. Panga tarakimu kwa nafasi zake

Anzia kulia: mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, mamia chini ya mamia. Huu ni mfano tu, si bei rasmi:

Mzigo: 185,000
Nauli ya boti: 27,500
Kupakua: 8,000
Gari: 15,500
Jumla: faranga 236,000

Ukisogeza ile 8 nafasi moja kushoto, 8,000 inakuwa 80,000. Jumla inafika 308,000, na wewe unatoa faranga 72,000 usizodaiwa.

3. Usisahau kubeba

Mamia: 5 + 5 = 10. Andika 0, beba 1.
Maelfu: 5 + 7 + 8 + 5, ongeza 1 uliyobeba, ni 26. Andika 6, beba 2.
Makumi elfu: 8 + 2 + 1, ongeza 2, ni 13. Andika 3, beba 1.
Laki: 1 + 1 = 2.

4. Hakiki kwa mpangilio mwingine

Kubadili mpangilio hakubadili jumla. Anza na zinazokamilishana: 27,500 + 15,500 = 43,000. Ongeza 8,000, unapata 51,000. Ongeza 185,000, unapata 236,000. Majibu yakitofautiana, rudia kabla ya kutoa pesa.

Kumbuka

Omba gharama ziandikwe mstari kwa mstari, na risiti kwa kila malipo. Ukipewa jumla peke yake, huwezi kuikagua. Kikokotoo cha simu kinasaidia, lakini ukiongeza sifuri kwa bahati mbaya, nacho kitaijumlisha. Kama kuandika ni kugumu kwako, mwombe mtu unayemwamini ajumlishe mbele yako, kwa sauti.