SAA ZA KAZI ZA MWANAFUNZI

Kila mwaka, mwezi wa Julai, vijana wetu wengi huingia Kidato cha Tano. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/2023 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita imefutwa katika shule za Serikali, na mfanyakazi ametuliwa mzigo mkubwa. Leo twataka kusema juu ya mzigo mwingine, ambao haumo mfukoni mwa mzazi bali umo kichwani mwa mtoto.

Masomo ya juu ni magumu, nasi hatusemi yalegezwe. Kijana aliyesoma masomo saba au zaidi kwa miaka minne hushika sasa masomo matatu ya tahasusi yake, pamoja na ya nyongeza, tena kwa kina asichopata kukizoea. Mtihani wa Taifa humkuta mwezi wa Mei akiwa Kidato cha Sita, yaani kabla miaka miwili haijatimia, likizo zikiwamo. Akipata A katika masomo yote matatu huwa na pointi 3. Akivuka pointi 9 amekwisha kulikosa Daraja la Kwanza. Taifa lataka madaktari, wahandisi na walimu hodari, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama si kuvunjika mgongo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mpaka wa saa 45 za kazi za kawaida kwa juma. Wafanyakazi wanaujua mpaka huo, na mwajiri akiuvuka hudai haki yao. Je, mfanyakazi huyo amepata kuzihesabu saa za mwanawe? Kijana anayeamka saa kumi alfajiri, akaingia darasani mchana, akarudi kwenye masomo ya usiku, na Jumamosi akaenda twisheni, hana mpaka wowote. Akisoma saa 12 kwa siku 6 amefikisha saa 72. Mtu mzima angekataa kazi hiyo. Mtoto tunamwambia ajitahidi zaidi.

Yatupasa tuseme kweli: sehemu ya mzigo huu twautwika sisi wazazi. Baba ataka daktari, basi mtoto hupelekwa kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, hata kama moyo wake u katika Historia na Jiografia. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, na 49 kati yake zilikuwa mpya. Milango imeongezwa, lakini wengi wetu bado tunawasukuma watoto wote katika mlango mmoja.

Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Twaona lilifanya vema. Hata hivyo, mashindano yaliyoondolewa katika matangazo yangali nyumbani kwetu, pale tunapomlinganisha mtoto na mtoto wa jirani mbele ya wageni.

Jambo hili si geni. Mwezi wa Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa, wala haipimi tabia yake wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Kijana anayekesha akikariri aweza kuyatoa yote siku ya mtihani, na baada ya mwezi asikumbuke hata nusu.

Basi, ndugu wazazi, twawaomba mambo matatu. Mwulizeni mtoto apenda kusoma nini kabla hamjamchagulia. Likizo ikifika, mwacheni alale, asaidie kazi za nyumbani na kuwatembelea jamaa. Na akianza kukosa usingizi, au kukataa chakula, au kujitenga na wenzake, msimwite mvivu. Zungumzeni naye na mwalimu wake mapema.

Walimu nao tunajua wanatazamwa kwa matokeo. Lakini mwalimu anayefundisha vema mchana hana haja ya kuuchukua usiku wote wa mwanafunzi. Twataka vijana wafaulu, na wakishafaulu wawe bado na afya na hamu ya kulifanyia kazi Taifa.