Daftari la Mzee Claus

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imenijia kwa sababu ya mzaha wa mafundi wa kompyuta wa Marekani, wanaopokezana kila Krismasi ikikaribia.

Asili yake ni wimbo wa mwaka 1934, uliotungwa na J. Fred Coots na Haven Gillespie. Wimbo huo wawaonya watoto kuwa Santa Claus, mzee wa zawadi, ana orodha ya wema na watukutu, na huikagua mara mbili. Mafundi wakaugeuza: mzee ameacha karatasi, majina kayatia katika hifadhidata, na huyachambua kwa SQL, lugha iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM miaka ya 1970. Huiamuru mashine: chagua wote katika jedwali la watoto, ambao tabia yao ni njema. Na kwa kuwa neno la Kiingereza la kifungu cha amri hiyo hutamkwa sawa na jina la mzee, wakamwita SQL Clause.

Kicheko hiki kina ilimu ndani yake. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM, alieleza namna ya kupanga habari katika majedwali. Kanuni iliyofuata ni hii: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Likiandikwa pawili, pamoja patasahihishwa na pa pili pasahauliwe, ndipo daftari lijikanushe lenyewe. Kwa kanuni hiyo, fundi hodari angemkosoa Claus: usimpige mtoto muhuri wa utukutu. Mpe nambari yake, na vitendo vyake viandikwe katika jedwali lake, kila kimoja na tarehe yake. Hukumu itokane na vitendo.

Nilikumbuka chuoni, tulipofunzwa habari za Kiraman Katibina. Malaika huandika vitendo. Hukumu ni ya Mola, na mlango wa toba u wazi.

Krismasi si sikukuu yetu, lakini orodha tunazo. Mwaka mmoja nilishika kalamu tulipogawa zaka ya fitri. Mama mmoja nilimwandika mara mbili, kwa jina lake na kwa jina la mwanawe wa kwanza, akapata vibaba maradufu. Jirani yake, mjane mwenye mayatima, sikumwandika popote. Watu walirudi kutoka swala ya Idi yeye angali mlangoni pake, kaona haya kuuliza. Hakuna mashine ya kulaumiwa hapo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Basi enyi wenye madaftari ya fitri, kila nyumba na ipewe nambari moja, na kila mtu aandikwe mara moja. Kisha orodha ikaguliwe mara mbili kabla ya mwezi kuandama. Kwa hilo, mzee Claus amepatia.