Maniema: Papasi, mdudu wa nyumbani anayebeba bakteria za namna mbili

Tarehe 27 Februari 1905, mganga Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Kasongo, katika jimbo la Maniema, akiwa na miaka 30. Aliuawa na homa ileile aliyokuwa akiitafiti pamoja na mwenzake John Lancelot Todd. Todd pia aliugua, lakini alipona.

Wawili hao walionyesha kwamba homa hiyo inaletwa na papasi, kupe wa ngozi laini ambaye sehemu zingine za Congo huitwa kimputu. Bakteria inayosababisha ugonjwa ina jina la marehemu hadi leo: Borrelia duttonii.

Papasi hujificha mchana ndani ya nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu ya waliolala, kisha anarudi kujificha. Wengi hawajui hata kama wameumwa. Mwaka huohuo wa 1905, Mjerumani Robert Koch aliona bakteria hizo ndani ya mayai ya papasi. Maana yake, mama anawarithisha watoto wake, na nyumba inaweza kubaki na ugonjwa kwa miaka.

Lakini si bakteria zote za papasi zinazodhuru watu. Damu ina upungufu wa vitamini za kundi B, na papasi anaishi kwa damu tu. Mwaka 2018, watafiti walieleza kwamba bakteria nyingine, ya jamii ya Francisella, ndiyo inayomtengenezea vitamini hizo. Walipoiua kwa dawa, papasi walishindwa kukua vizuri. Walipopewa vitamini, wakaendelea kukua.

Wanyama nao wanahusika. Nchini Tanzania, Borrelia imepatikana katika damu ya kuku na nguruwe wa vijijini.

Hatari kubwa ni kuchanganya homa hii na malaria. Inapanda, inashuka siku kadhaa, kisha inarudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Inabidi damu itazamwe kwa hadubini. Wajawazito wanaweza kupoteza mimba, na watoto wachanga kufa, ingawa dawa za antibiotiki zinatibu.

Kwa hiyo, anayelala katika nyumba ya udongo na homa inamrudia afadhali amwambie mganga mapema. Kuziba nyufa na kulala juu ya kitanda kilicho mbali na ukuta kunasaidia, na kuku wasilale ndani.