Panya na Mende Ndani ya Nyumba: Tafuta Tundu Kwanza



Leo nazungumzia jambo ambalo wengi wetu hapa Uingereza tunalificha. Mama akiona kinyesi cha panya jikoni anaona haya. Anasugua nyumba nzima, ananunua sumu, na hamwambii mtu. Baada ya wiki mbili panya wamerudi.

Ndugu yangu, usafi ni muhimu, lakini nyumba safi nayo huingia panya ikiwa ina matundu. Sumu inaua panya wa leo. Tundu linamleta wa kesho.

NYUMBA ZA HUKU ZIKOJE?

Kule kwetu tunajua kwamba uwazi kati ya ukuta na paa ni mlango wa mbu, ndiyo maana tunaweka wavu na silingi bodi. Huku tukiona matofali na madirisha ya vioo viwili tunadhani nyumba imefungwa. Haijafungwa. Nyumba nyingi za mijini zilijengwa kabla ya 1919, zikiwa zimeungana kwa safu. Chini ya sakafu ya mbao kuna uwazi, na juu ya dari pia. Panya wa jirani anaweza kutembea humo mpaka kwako bila kutoka nje.

Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi. Penseli ikikaribia kupita, ujue naye atapita.

MADHARA KWA AFYA

- Mkojo na kinyesi cha panya huchafua chakula na kuleta vijidudu vya salmonela, vinavyosababisha kuharisha.
- Vumbi lenye mabaki ya mende na panya huamsha pumu, hasa kwa watoto.
- Panya wakubwa wa kwenye mitaro hubeba leptospirosisi, ugonjwa ule ule ulioitwa homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022.
- Panya hutafuna nyaya za umeme, na nyumba inaweza kuungua.

UFANYE NINI?

1. Chukua tochi. Angalia chini ya sinki, nyuma ya jiko, na kila mahali bomba linapopenya ukuta au sakafu.

2. Shindilia tundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha ziba juu yake kwa saruji au plasta. Povu la kuzibia peke yake halitoshi, panya hulitafuna.

3. Uwazi chini ya mlango wa nje, piga ukanda wenye brashi ngumu.

4. Yale matofali yenye matundu chini ya ukuta wa nje USIYAZIBE. Yanapitisha hewa ili mbao za sakafu zisioze. Vivyo hivyo usizibe tundu lolote la hewa kwenye chumba chenye kifaa cha gesi, kwani hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inaweza kuua familia nzima usingizini. Tofali la nje liwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko milimita 6.

5. Mende wanapenda joto na maji. Tengeneza bomba linalovuja na ziba nyufa nyuma ya makabati. Kwenye maghorofa hufuata mabomba kutoka fleti moja hadi nyingine, hivyo kupuliza dawa fleti moja tu hakusaidii sana.

6. Kinyesi kikavu usikifagie. Vaa glavu, kiloweshe kwa dawa ya kuua vijidudu, ndipo ukifute.

KAMA UMEPANGA

Matundu ya jengo kwa kawaida ni kazi ya mwenye nyumba. Kwa England, sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Machi 2019 inamtaka ahakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, na panya wanaoingia kwa ubovu wa jengo ni jambo linaloweza kuhesabiwa. Mwandikie, weka tarehe na picha, na ubaki na nakala. Akinyamaza, wasiliana na halmashauri ya eneo lako, idara ya afya ya mazingira.

Na ikiwa mtoto ana pumu, mwambie daktari au muuguzi kwamba nyumbani kuna panya au mende. Tukijua, tunaelewa kwa nini dawa haimtoshi.

Nawatakia afya njema. Tukutane tena, inshallah.