Fahamu: Je, kiinitete chenye seli mchanganyiko kinafaa kupandikizwa?

Siku ya 5 au 6 baada ya yai kurutubishwa maabarani, mtaalamu huchota seli chache tu kutoka tabaka la nje la kiinitete, lile litakalokuwa kondo la nyuma, ili kupima kromosomu. Baadhi zikiwa na kromosomu 46 na nyingine zikizidi au kupungukiwa, kiinitete huitwa mozaiki. Viinitete vingi vya namna hii vilikuwa vikitupwa. Mwaka 2015 madaktari wa Italia waliripoti kuwapandikizia wanawake 18 viinitete vya aina hiyo. 6 walijifungua watoto wenye afya. Kuwakatisha tamaa wanandoa kwa seli hizo chache ni kuwaonea. Lakini waambiwe ukweli: uwezekano wa mimba kutunga ni mdogo zaidi kuliko kwa kiinitete cha kawaida, na wa kuharibika ni mkubwa zaidi. Ikitunga, madaktari hushauri kupima maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kuanzia wiki ya 15.