Sakafu ya baba: Isugue kwanza kabla hujaing'oa

WAHENGA walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nusura niache mbachao, na msala wenyewe ulikuwa vigae.

Nyumba yetu hapa Onduparaka, Arua, ina chumba kimoja chenye sakafu ya mbao. Marehemu baba aliitandika tuliporejea kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1986. Useremala alijifunza huko huko ukimbizini, na mbao za mvule alizivusha mpakani kidogo kidogo, kila alipopata fedha. Majirani walimcheka. "Mzee, mchwa watakula jasho lako," walimwambia.

Mchwa hawakula. Mvule ni mti mgumu, na utomvu wake wa asili huwachukiza wadudu. Lakini sakafu ilipakwa rangi nyekundu, ikabambuka, ikapakwa tena, hadi ikafanana na jaa. Mwaka jana nilimwita fundi wa vigae. Akashauri mbao zing'olewe ziwe kuni, nami nikakubali. Mama ndiye aliyekataa.

"Mwanangu, kwanza nionyeshe kilicho chini ya hiyo rangi," alisema.

Nikakwangua pembeni, mahali padogo pa kutosha kiganja. Chini palikuwa na mbao ya rangi ya asali, nzima kabisa. Fundi nikamwomba radhi.

Wewe uliyerudi nyumbani ukakuta mlango, meza au sakafu ya zamani, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, rangi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usikwangue kavu. Iloanishe, kwangua taratibu, zoa mabaki yote, na watoto walale kwingine hadi umalize.

Pili, zamisha misumari yote, kisha tafuta mawe ya mvule. Hizo ni chembe ngumu kama chokaa zinazojiumba ndani ya mti huo. Randa ikigonga moja, makali yamekwisha.

Tatu, mbao za kuziba. Mbili zangu zilikuwa zimepasuka. Wafanyabiashara wa mpakani wanajua kwamba mbao nyingi kutoka Kongo huuzwa zikiwa bado mbichi. Ukipigilia mbichi, itasinyaa na kuacha mianya. Shika vipande viwili vya mvule vya ukubwa mmoja. Kilicho kizito zaidi mara nyingi ndicho kibichi.

Nne, msasa. Nilianza na namba 60, nikafuata 100, nikamaliza na 150, kila mara nikifuata nyuzi za mbao. Ukizikatiza, mikwaruzo itakuumbua baada ya kupaka. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Mimi nilijifunga kitambaa tu, nikakohoa siku mbili. Nunua barakoa.

Mwisho, mafuta. Nilipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mwembamba, nikafuta yaliyozidi, nikaacha yakauke kabla ya kurudia. Anayependa vanishi ajaribu kwanza pembeni, kwani utomvu wa mvule unaweza kuichelewesha kukauka.

Hapo ndipo nilipokaribia kuiteketeza nyumba. Matambara yaliyolowa mafuta niliyarundika nyuma ya mlango, nikaenda kulala. Usiku mama akasikia harufu ya moshi. Hakuna aliyewasha kiberiti. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na joto likibanwa ndani ya rundo, tambara huwaka lenyewe. Nililitoa rundo nje kwa koleo, katikati likiwa jeusi. Jirani yetu ameezeka nyasi. Upepo mmoja tu ungetosha. Matambara hayo yaloweke katika maji, au yaanike nje moja moja hadi yakauke.

Kazi yote ilichukua siku tisa na magoti yangu mawili. Fedha nilizotenga kwa vigae, sehemu kubwa imebaki.

Asubuhi ya kwanza mama aliingia bila viatu, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta bila kusema neno. Kisha akaleta msala wake, akautandika juu ya mbao za baba, akaswali.