Bunju wa Madoa: Gharama Iko Kwenye Chumvi

Bunju wa madoa ni samaki wa kijani wa mikoko na milango ya mito ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Huuzwa akiwa na sentimita 2 au 3, mara nyingi ndani ya maji baridi, kwa bei inayomvutia mnunuzi. Lakini akikomaa hufikia sentimita 15, huweza kuishi miaka 10, na huhitaji maji ya chumvi. Hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Tangi: Bunju mmoja apewe lita 150, akae peke yake, maana huwang'ata wenzake. Maji hayo pekee yana uzito wa kilo 150, kabla ya kioo na mchanga. Meza ya kawaida haiyawezi.

Chumvi: Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Bunju mchanga aanzishiwe gramu 7 kwa lita, kisha apandishwe polepole hadi 20. Kwa lita 150, hizo ni kilo 3. Kwa kuwa ni mlafi na huchafua maji upesi, kila wiki badilisha lita 45, yaani gramu 900 za chumvi. Kwa mwaka ni karibu kilo 47. Kwa miaka 10, kilo 470. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu haina kalsiamu na magnesiamu za kutosha.

Mkazi wa pwani ana nafuu: lita 26 za maji safi ya bahari, yaliyochotwa mbali na bandari na mifereji ya maji taka, zikichanganywa na lita 19 za maji baridi yasiyo na klorini, hutosha kwa wiki.

Umeme: Pampu ya wati 20 ikiwaka mwaka mzima hula uniti 175. Hita ya wati 150 ikifanya kazi theluthi ya muda huongeza uniti 438. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hutumika kidogo sana. Nairobi ni lazima.

Chakula: Meno yake hukua bila kukoma, hivyo mpe konokono na kaa wadogo ayasage.

Zidisha kiasi hicho cha chumvi na umeme kwa bei za mtaani kwako kabla ya kununua. Usipoweza kumudu kilo 47 za chumvi kila mwaka, mwache bunju dukani.